Ruzuku ya Marehemu Natangulia

Katika miaka kumi na mmoja ya kununua viazi nimekutana na wakulima wa kila aina. Yuko anayepanga vikubwa juu na vidogo chini ya gunia, akidhani mimi nanunua kwa macho. Yuko anayelilia bei kabla hata sijaitaja. Natangulia alikuwa wa peke yake: ukifika shambani kwake saa moja asubuhi, magunia yameshashonwa na kupangwa kando ya njia, na mwenyewe ameshaondoka. Bei amemwachia mkewe, kama mtu anavyoacha ufunguo.

Jina hilo hakupewa na wazazi, alijipa kwa mdomo wake. "Natangulia" ndilo neno lake la kuaga, la kukubali, na la kumaliza ugomvi. Mwambie kesho kuna mkutano wa ushirika saa nne, atakujibu "Natangulia," na saa mbili yuko pale anapanga viti. Kuna mara alitangulia kwa siku nzima: alikwenda Jumanne kwenye mkutano wa Jumatano, akakaa peke yake mpaka adhuhuri, akarudi nyumbani akilalamika kwamba watu hawakuhudhuria. Mkewe akamwambia kutangulia si kufika. Akajibu kwamba asiyetangulia hafiki kabisa.

Usimcheke upesi, maana tabia hiyo ndiyo iliyomlisha. Alianza kama kibarua wa kupakia magunia ya wengine, na kwa kuwa alikuwa wa kwanza kwenye lori kila alfajiri, ndiye aliyesikia kwanza kwamba kuna ekari moja inauzwa. Wenzake walikwenda kuiona mchana wakamkuta ameshaanza kuilima. Kufikia mwaka ninaousimulia alikuwa na ekari tatu, mbili karibu na nyumba na moja kilimani, mwendo wa nusu siku kwa mguu. Mimi mwanamke nilianza na kikapu kimoja na mdomo, kwa hiyo mtu wa namna hiyo namwelewa. Kwenye bei ananichosha, lakini namwelewa.

Mwaka ule serikali ilitangaza ruzuku. Kila mkulima aliyeandikishwa angelipwa kwa idadi ya ekari zake, fedha ziingie moja kwa moja kwenye simu, anunue mbolea na mbegu kabla ya mvua kubwa. Natangulia alijiandikisha wa kwanza, na kadi yake ilikuwa namba moja. Kilichobaki ni uhakiki tu: ofisa aje nyumbani, amuulizie mwenye shamba, ajaze fomu.

Ofisa alikuja wakati Natangulia yuko kilimani, analala kwenye kibanda na kuchimba matuta. Uani tulikuwa mimi na mkewe. Mimi nilikwenda kutazama viazi vya mbegu, kwa sababu nilikuwa nimeahidi magunia themanini kwa majiko ya shule na nilitaka kujua kama ahadi yangu ina miguu. Mke alikuwa anachambua, vyenye vichipukizi vizuri kwenye gunia, vilivyooza kando. Yote yaliyosemwa niliyasikia kwa masikio yangu, na sikuona kosa hata moja. Ndiyo maana mpaka leo sijui wa kumlaumu.

"Hodi hapa."

"Karibu, baba. Kiti hicho kina mguu mbovu, kaa upande."

"Mama, namtafuta mwenye shamba."

"Ametangulia," akasema mke.

Ofisa akashusha kalamu. "Lini?"

"Leo siku ya tatu."

"Aa! Poleni sana, mama."

"Tumeshapoa. Ndiyo maisha yetu haya."

"Ilikuwa ghafla?"

"Yule? Hajawahi kuaga mtu. Nimeamka nikaona upande wake mtupu, basi nikajua."

"Na watoto ameacha?"

"Wote kaniachia mimi. Watoto, mbuzi, na hivi viazi unavyoviona."

Ofisa akavua kofia. "Jipe moyo, mama. Njia yetu sote ni hiyo hiyo moja."

"Ni hiyo moja kweli, ile ya kupitia mashine ya kusaga. Ile nyingine daraja limekatika. Sisi tunamalizia kufunga mizigo tu, kesho tunamfuata."

Yule ofisa alimtazama sana. Akanigeukia mimi, nikaitikia kwa kichwa, maana ilikuwa kweli: kesho yake familia nzima ilikuwa inapeleka mbegu kilimani. Akaandika kwa muda mrefu, akampa mke asaini, akakataa hata maji ya kunywa, akaondoka kwa hatua za taratibu kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

"Kijana ana adabu," mke akasema. "Siku hizi hawapatikani."

Wiki tatu baadaye, Jumatatu, malipo yakaanza. Nilikuwa kwenye banda langu la mizani, nikasikia simu za watu zinalia moja baada ya nyingine. Natangulia hakuwepo hapo. Alikuwa ameshafika duka la mbolea, wa kwanza kwenye foleni, ameishika simu yake kiganjani na kuikodolea macho. Walipita watu kumi na saba mbele yake, na yake ilikuwa kimya kama jiwe.

Iliyolia ilikuwa ya mkewe. Ujumbe ulisema ofisi inampa pole kwa kuondokewa na mkulima namba moja, na kwamba malipo yake yamesimamishwa mpaka mrithi ajitokeze, mwisho Ijumaa saa tisa alasiri.

Mke aliusoma mara mbili, kisha akaanza kuwapitia majirani kichwani kuona nani kafa. Mume alipofika akampa simu. Akasoma, akageuza simu, akasoma tena.

"Nani huyu kafa," akauliza, "na kwa nini amekufa na namba yangu?"

Jumanne tukaenda ofisi ya kilimo, mimi nikamkuta ameshafika. Alinitaka niende kwa sababu naongea. Mimi nilikwenda kwa sababu bila mbolea ile hakuna magunia themanini. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja kirefu kilichokatwa kwa kioo. Kwenye kioo kuna tundu la kusemea, ila fundi aliliweka usawa wa kifua, kwa hiyo mwenye shida lazima ainame, na karani huzungumza na utosi wake. Ukutani kuna kalenda ya mwaka juzi. Chini yake kuna benchi lililong'arishwa na makalio ya wakulima, na siku hiyo lilikuwa limejaa.

"Namba?" karani akauliza.

"Moja."

Karani, mwanamke mwenye miwani ya kusomea, akabonyeza, akatazama. "Huyu ametangulia."

"Ndiyo. Ndiye mimi."

"Wewe nani?"

"Natangulia."

"Sisemi wewe, baba. Nasema mwenye namba hii. Ametangulia."

"Si ndiyo nakwambia? Nimetangulia. Tangu saa kumi na mbili niko mlangoni, muulize mlinzi."

"Baba, nisikilize vizuri. Mkulima huyu hatunaye."

"Hamnaye vipi, na yuko hapa ameinama mpaka kiuno kinamuuma?"

Benchi likacheka. "Mpe mkono aushike kama una joto!" mmoja akasema. Mwingine akadakia, "Angalia, akifa tena watampa namba mbili!"

Natangulia akapitisha kitambulisho kwenye tundu. Karani akalinganisha picha na sura, sura na mashine, kisha akavua miwani.

"Sura ni yako," akasema. "Lakini mfumo unasema umefariki, na mfumo hauangalii sura."

"Basi nataka kulalamika."

"Malalamiko huletwa na mrithi. Marehemu haruhusiwi."

"Kwa nini haruhusiwi?"

Karani akafikiri. "Hajawahi kuja," akasema.

Nikaona niingilie. "Huyo mrithi akija, atafanya nini?"

"Atasaini fomu kwamba yeye ni mjane. Akishatambuliwa kuwa mjane, atalipwa. Au, kama ana malalamiko, ndipo ataeleza kwamba mume wake hajafa."

Nimeona mizani yenye sumaku chini na mchanga ndani ya gunia la maharage. Sikuwahi kumwomba mtu arudie hesabu zake. Hapo niliomba. Akarudia, polepole, kwa heshima, nami nikaelewa kidogo kuliko mara ya kwanza.

Tulipokuwa tunarudi, Natangulia alitembea nyuma yangu. Miaka kumi na mmoja, sikuwahi kukiona kitu hicho.

"Tajiri," akaniita, maana ndivyo wanavyotuita sisi wanunuzi hata tukiwa na viraka. "Hivi mtu akifa, yeye mwenyewe anajuaje?"

"Sijawahi kuuliza."

"Maana kule kilimani nilishikwa na kizunguzungu. Nikakaa chini. Nikainuka. Sasa najiuliza, niliinuka kweli?"

"Uliinuka. Na juzi ulinipandishia bei. Maiti hapandishi bei."

Hilo lilimtuliza kidogo. Nami nikampa ushauri ambao ningempa mtu yeyote: mkeo asaini. Kufa kwa karatasi hakuumi. Fedha ziingie kwenye simu yake, mbolea ishuke kabla mvua haijaanza, mwezi ujao tutakufufua taratibu. Akaona ni maneno ya maana. "Natangulia kumwambia," akasema, akanipita mbio.

Nilipofika, mke alikuwa ameketi palepale uani, mikono kifuani.

"Sisaini," akaniambia kabla sijakaa.

"Dada, ni karatasi tu."

"Cheti cha ndoa nacho ni nini, bati? Na hati ya shamba?"

"Unaogopa mkosi."

"Mkosi nakuachia wewe, unayeweka kidole kwenye mizani. Mimi naogopa jambo moja. Nikisaini mjane leo, kesho shamba hili si la mume wangu. Ni mirathi. Na mirathi ina wenyewe."

Nikamwambia anatafuta nyoka kwenye nyasi fupi. Mumewe akaniunga mkono, akasema ndugu zake ni watu wazuri. Mke alirudi kwenye viazi vyake.

Nyoka mwenyewe alikuja Alhamisi. Nilikuwepo, kwa sababu nilikwenda kumshawishi tena. Mdogo wake Natangulia ni kinyozi pale kituoni, na ofisi ilikuwa imebandika ubaoni orodha ya wasiolipwa, kila mmoja na sababu yake. Alikuja amenuna vizuri, sura ya msiba kamili.

"Shemeji, pole. Nimesikia leo tu. Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekuambia nini, shemeji?"

"Basi, ya Mungu mengi. Nikasema nitangulie kabla watu hawajajaa. Kuna mambo ya kifamilia, huko mbele yasije yakaleta maneno. Ule mpaka wa chini, kwa mfano..."

Akatoa mfukoni futi ya kupimia. Wakati huohuo Natangulia akatokea nyuma ya ghala na jembe begani.

"Kaka!" mdogo mtu akaruka. "Kumbe upo?"

"Ulikuja kumpa nani pole?"

"Si nimeona ubaoni! Nikashtuka, nikafunga duka..."

"Ukashtuka na futi?"

"Hii? Hii huwa natembea nayo tu."

"Kinyozi anatembea na futi?"

"Labda siku hizi vichwa vya watu vimekua," mke akasema, bila kuinua macho kwenye viazi.

Yule kinyozi alikunywa maji, akaulizia afya za mbuzi, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimehesabu mbolea. Mwanamke huyu alikuwa amehesabu shamba. Sipendi kushindwa kwenye biashara, lakini nikishindwa huwa naihama bei yangu upesi, kwa hiyo nikamuuliza, "Haya dada, kesho ndiyo Ijumaa. Unataka tufanye nini?"

"Nataka nione nilichosaini," akasema. "Siku ile nilisaini kitu."

Ijumaa tukaenda watatu. Mke hakuinama kwenye tundu. Alisimama wima, akaongea kwa sauti iliyopita juu ya kioo, akataka karatasi yake, na hakutaka kitu kingine. Karani akasema haiwezekani. Mke akasema anangoja. Foleni ikasimama. Baada ya nusu saa mkuu wa ofisi mwenyewe akatoka na faili, mtu mnene wa sauti ndogo, akafungua fomu na kuisoma mbele ya benchi zima. Yule ofisa alikuwa mwaminifu. Aliandika kila neno.

"'Mwenye shamba ametangulia, leo siku ya tatu.' Ulisema hivi, mama?"

"Nilisema."

"'Ilikuwa ghafla, hakuaga.'"

"Kweli kabisa."

"'Ameacha watoto, mbuzi na viazi.'"

"Kweli."

"'Mhojiwa anasema wanamalizia kufunga mizigo, na kesho familia nzima inamfuata.'" Mkuu akasimama hapo. Akarudia mstari ule kimyakimya, midomo ikicheza. "Mama, mlikuwa mnamfuata wapi?"

"Kilimani. Kupeleka mbegu, zingoje mbolea."

"Na hapa, 'njia ni moja, ya kupitia mashine ya kusaga'?"

"Ile nyingine daraja limekatika, baba. Tumeleta barua hapa mara mbili."

Benchi likapasuka. Mzee mmoja alicheka mpaka akashikiliwa. Mkuu hakucheka, alikuwa anasoma maneno yaliyoandikwa pembeni: ofisa alikuwa ameomba familia hii iangaliwe kwa karibu sana, hasa kesho yake.

Basi, kosa limejulikana, mtu yuko hai, mashahidi benchi zima. Nilidhani tumemaliza. Mkuu akatueleza, kwa upole, kwamba ndiyo kwanza tumeanza. Mfumo una vyumba vitatu: yupo, amehama, amefariki. Kutoka chumba cha yupo unaweza kwenda popote. Kutoka chumba cha amefariki hakuna mlango.

"Hakuna aliyewahi kurudi?" Natangulia akauliza.

"Kwetu hapa, wewe ungekuwa wa kwanza."

Nikaona macho yake yanang'aa kidogo. Kusikia wa kwanza kulimpendeza, hata pale.

Kilichowezekana ni kimoja: aandikishwe upya, kama mkulima mpya. Mkulima mpya hulipwa ekari moja tu mwaka wa kwanza, na malipo yake huchukua wiki tatu. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na nusu. Mawingu yalikuwa yameshashuka mpaka kwenye paa la ghala la ushirika. Nikainama kwenye tundu.

"Ekari tatu," nikasema.

"Moja, mama."

"Mbili na nusu. Yuko hai kabisa, umemwona."

"Mama, hapa hatuuzi viazi."

"Haya, moja. Lakini wiki tatu hapana. Mmemuua nyinyi, mlipeni na wenzake leo."

Mkuu akamtazama karani. Karani akatazama benchi, lililokuwa linasikiliza. "Leo," mkuu akasema, "lakini isiwe desturi." Hiyo ndiyo bei niliyoipata, na siku ile sikuona kama kuna nyingine.

Wakampa kadi. Namba elfu moja mia tatu themanini na sita, ya mwisho kwenye daftari. Aliigeuza nyuma kutazama kama upande wa pili una namba nyingine.

Fedha ziliingia jioni, mvua ikaanza Jumapili. Ekari moja ilipandwa kwa mbolea, ya pili kwa samadi ya mbuzi, ile ya kilimani ikalala. Nilipata kwake magunia thelathini na tisa. Yaliyobaki niliyajaza kwa yule anayepanga vidogo chini, na nikamlipa kama anayepanga vidogo chini.

Hati ya shamba iko kwa jina lake mpaka leo, na kinyozi ameacha kutembea na futi. Lakini hesabu ya ofisini sijaielewa. Marehemu wa namba moja bado ana ekari tatu, na malipo yake, ingawa ile Ijumaa imeshapita, bado yanangoja mjane. Aliye hai ana ekari moja. Jumla nne, na shamba lote ni tatu. Nilimwambia karani, akasema kwa mfumo ni sawa, kwa sababu ni watu wawili. Kila mwezi simu ya mke inapokea pole. Natangulia huuliza, "Hivi fedha za mwenzangu zitakwenda wapi?"

"Mwenzako yupi?"

"Yule marehemu."

Msimu uliofuata uhakiki ukaja tena. Tulitangaziwa kwamba ni Alhamisi. Natangulia alikaa langoni tangu Jumatano, kitambulisho shingoni kwa kamba ya kiatu, hata shambani hakwenda. Akaja ofisa yuleyule. Alipomwona alisimama mbali kidogo.

"Hodi. Mama, mwenye shamba..."

"Yupo," mke akasema. "Mguse."

Ofisa akamgusa bega, akaandika. Kisha akafungua ukurasa mwingine wa orodha yake, akakuna kichwa.

"Na huyu wa pili? Namba moja, mwenye ekari tatu. Shamba lake liko wapi?"

Natangulia akanitazama mimi. Mimi nikatazama magunia. Mke akafuta mikono kwenye kanga, akamvutia ofisa kile kiti chenye mguu mbovu.

"Kaa upande," akamwambia. "Na safari hii, baba, usinipe pole kabla hujauliza ya nini."